Kabla ya upana, pima mzunguko: tairi la gari la AWD lenye nguvu

Swali ninaloulizwa karibu kila siku ni hili: "Fundi, hili gari naweza kuliwekea tairi la upana gani?" Naelewa linakotoka. Upana ndio unaoonekana, ndio unaojaza madigadi, ndio unaompa mtu hamu ya kuendesha. Lakini gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, yaani AWD, lina sheria yake, na kwangu upana unakaa nafasi ya pili. Kwanza nataka kujua tairi linasafiri umbali gani likizunguka mara moja, ndio mzunguko wake, na kama yote manne yanasafiri umbali uleule.

Soma ubavuni. 245/40R18: 245 ni upana kwa milimita. 40 ni asilimia ya huo upana, kwa hiyo ubavu una urefu wa milimita 98. 18 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, yaani milimita 457.2. Jumlisha rimu na ubavu mara mbili, juu na chini, unapata kipenyo cha milimita 653. Zidisha kwa 3.14 na mzunguko unakuja milimita 2,052 hivi. Likibeba uzito wa gari, tairi hubonyea kidogo na mzunguko halisi unapungua, ila kwa kulinganisha tairi na tairi hesabu hii inatosha.

Wengi wanakosea kwenye hiyo 40. Kwa kuwa ni asilimia, upana ukiongezeka na ubavu nao unarefuka. Ukitoka 245/40R18 ukaenda 265/40R18, kipenyo kimepanda milimita 16, karibu asilimia 2.4. Ukienda 265/35R18 kimeshuka milimita 10 na nusu. Mwangalie Subaru alivyofanya kwenye WRX STI: alipoihamisha kutoka rimu ya 18 kwenda 19 kwa modeli ya 2018, aliacha 245/40R18 akachukua 245/35R19. Rimu imekua inchi nzima, lakini tofauti ya kipenyo haifiki hata milimita moja. Hiyo ndiyo hesabu ninayotaka mteja aifanye kabla hajalipa.

Matairi yote manne yakibadilika kwa kiasi kilekile, mfumo wa AWD haulalamiki. Kinachobadilika ni mwendo unaousoma kwenye dashibodi na urefu wa gea. Tairi likiwa kubwa, dashibodi inakuonyesha mwendo mdogo kuliko ulio nao kweli, na gari linakuwa zito kuchomoka. Mafundi wengi wanakubali mpaka asilimia 3 kutoka ukubwa wa kiwandani. Mimi sivuki 2.

Balaa linaanza mbele na nyuma zinapotofautiana.

Liliwahi kuletwa kwangu gari ambalo mwenyewe alilipenda kama mboni ya jicho. Alikuwa amefunga matairi mawili mapya nyuma na kuacha ya zamani mbele, ukubwa mmoja, 245/40R18, hata aina ni moja. Malalamiko yake: "Nikikata kona kali kuegesha, linaruka ruka kama breki zimeshika." Nikaweka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma na nyingine sakafuni, tukasukuma gari mpaka ile ya tairi ikarudi chini, nikapima. Nikarudia mbele. Nyuma kashata, yaani yale maua ya mpira yanayogusa barabara, zilikuwa na kina cha milimita 8, mbele 4. Milimita 4 ni kitu kidogo ukikitazama kwa jicho, lakini inaingia kwenye nusu kipenyo, kwa hiyo mzunguko unapungua milimita 25. Na utepe ulinipa karibu hiyohiyo.

Sasa ipeleke barabarani. Kwa kila kilomita 1,000, tairi la mbele la gari lile lilikuwa linazunguka mara 6,000 zaidi ya la nyuma. Gari la kuvuta mbele tu lisingejua. Kwenye AWD, ekseli mbili zimeunganishwa, na katikati kuna kitu kilichowekwa kumeza tofauti ya kasi: kwa magari mengine ni difu yenye gea tupu, kwa mengine ni klachi, na kwa lile kilikuwa chombo chenye visahani vyembamba vilivyozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Chombo hicho kimetengenezwa kifanye kazi kwa vipindi, gari likiteleza au likikata kona. Yeye alikuwa amekifanyisha kazi bila kupumzika, hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula. Mafuta yalipata joto, chombo kikaanza kushika muda wote. Tulifunga matairi manne yanayolingana, kuruka kukapungua, lakini hakukuisha. Kile chombo cha kati kilibidi kibadilishwe, na kilimgharimu kuliko matairi mawili aliyokuwa amejaribu kuyaokoa. Iliniuma, kwa sababu kosa lake lilikuwa la kawaida kabisa.

Subaru wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, milimita 6.4. Ukiigeuza, ni kina cha kashata cha milimita 1 tu. Mifumo inayoendeshwa na kompyuta nayo ina uchungu wake: inalinganisha kasi ya kila gurudumu, na tairi dogo nyuma linaonekana kwake kama gurudumu linaloteleza, kwa hiyo inapeleka nguvu mbele bila sababu.

Na upana tofauti mbele na nyuma? Inawezekana, ila fanya kama Nissan walivyofanya kwenye GT-R R35. Mbele 255/40R20, nyuma 285/35R20. Upana umetofautiana milimita 30, lakini vipenyo ni 712 na 707.5, chini ya asilimia moja, na mfumo wenyewe umepangwa kwa namba hizo. Kama gari lako lilitoka kiwandani na ukubwa mmoja pande zote, lirudishie ukubwa mmoja pande zote. Utaweza kuyahamisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hivi, yaishe pamoja. Isitoshe, magari mengi ya aina hii yana injini nzito mbele na kwenye kona huwa pua ndiyo inayokataa kuingia. Ukiongeza upana nyuma peke yake, unaikatalisha zaidi.

Upana sasa. Tairi la 245/40 linakaa vizuri kwenye rimu ya inchi 8.5. 265/35 inataka 9 kwenda juu. Ukilibana kwenye rimu nyembamba, ubavu unavimba nje na usukani unachelewa kujibu, yaani umelipia upana ukapata ulegevu. Ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaofungwa kwenye habu, ndiyo inayoamua tairi litagusa wapi. Ukiacha rimu ya 8.5 yenye ofseti 55 ukachukua 9.5 yenye ofseti 45, ukingo wa ndani unaisogelea shokapu kwa milimita 2.7 tu, lakini wa nje unatoka milimita 22.7. Hapo ndipo madigadi yanapoanza kuparuza. Na usiamini namba peke yake: 245 ya kampuni moja inaweza kuwa pana kuliko 255 ya nyingine. Kabla sijamruhusu mtu aondoke, nakata usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa limebeba watu.

Uwezo wa kubeba mzigo usishuke chini ya ulioandikwa na kiwanda. Ni ile namba inayofuata ukubwa ubavuni: 93 ni kilo 650 kwa tairi, 97 ni 730.

Nikiulizwa maoni yangu, kwa gari la kila siku nabaki na 245 na hela iliyobaki naiweka kwenye mpira bora. Tairi pana hupanda juu ya maji mapema zaidi mvua ikinyesha, huwa zito zaidi, na hufuata kila mfereji wa barabara.

Tairi moja likipasuka ubavuni na mengine yakiwa yameisha nusu, usifunge moja jipya ukaondoka. Tafuta lenye kashata za kina kilekile, au pale penye mashine ya kunyoa matairi, jipya linyolewe lilingane na wenzake. Visipopatikana, nunua manne. Kati ya yale matatu yaliyobaki chagua zuri kuliko yote, liandike kina chake kwa chaki, lihifadhi. Siku haya mapya yatakapofika kina hicho, na moja likapasuka tena, tairi lako la nne litakuwa linakusubiri stoo.