Kumeguka si kuhama

Juzi nimesikia tena redioni kwamba mbunge fulani "amemeguka" kutoka chama chake. Mtu mmoja hameguki, anahama. Chama ndicho humeguka, pale viongozi na wanachama wanapotoka kwa pamoja wakaunda chama kingine. Maana ni hiyo tu.

Asili ya neno ni jikoni. Unamega tonge la ugali. Na lile -uka, kama katika pasuka na banduka, linaonyesha kitu kimeachana na kilichokishika. Lakini tonge lililomo mkononi ni ugali uleule, wa unga uleule, wa sufuria ileile. Kipande kilichomeguka kina asili moja na kilichobaki, na mara nyingi hudai kwamba chenyewe ndicho halisi. Kuhama ni habari ya nyumba: unafunga virago, unaingia kwa wengine, unafuata desturi zao.

Kenya ya mwaka 1966 inaonyesha uzito wa tofauti hii. Mwezi Machi, mkutano wa KANU, chama kilichokuwa kikitawala, huko Limuru ulifuta cheo cha makamu wa rais wa chama, alichokuwa nacho Jaramogi Oginga Odinga, ukaweka makamu wanane wa mikoa. Aprili akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi, akaongoza Kenya People's Union, KPU. Akafuatwa na wabunge, akiwemo Bildad Kaggia, na baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Hoja yao ilikuwa kwamba KANU ndiyo iliyoziacha ahadi za uhuru, hasa za ardhi. Wao, kwa macho yao, hawakuhama popote.

Serikali ikasema wamehama. Katiba ikabadilishwa upesi: mbunge aliyekiacha chama kilichompeleka bungeni arudi kwa wapiga kura. Ndipo ukaja ule Uchaguzi Mkuu Mdogo wa Juni. Viti 29 viligombewa, KPU ikapata 9. Odinga alirudi kupitia Bondo. Kaggia akaangushwa Kandara. Mwaka 1968 karatasi za wagombea wa KPU katika uchaguzi wa serikali za mitaa zilikataliwa. Oktoba 1969, siku chache baada ya watu kupigwa risasi Kisumu, chama kikapigwa marufuku na Odinga akatiwa kizuizini. Kilikuwa kimeishi miaka mitatu na ushei.

Wapo pia wanaosema KADU, chama kilichokuwa kikishindana na KANU enzi za uhuru, ilimeguka kutoka KANU. Haikumeguka. Vyote viwili viliundwa mwaka 1960, na KADU ilitokana na vyama vya jamii ndogo zilizoogopa kumezwa. Ilipojivunja mwaka 1964, wabunge wake waliingia KANU, na hao kweli walihama.

Kwa hiyo, ndugu zangu watangazaji, mbunge wenu wa juzi amehama. "Kumeguka" tuwaachie akina Jaramogi.