Dawa za Kifafa Hutuliza Mania Baada ya Muda Gani?

Ndugu wanaomleta hospitalini mgonjwa wa baipola (ugonjwa wa akili wa vipindi vya msisimko na vya huzuni) aliye katika mania, yaani msisimko uliopita kiasi, ambaye hajalala kwa siku kadhaa, anayezungumza bila kukoma na kugawa mali yake kwa kila apitaye, huuliza kwanza atatulia lini. Na wakiona ameandikiwa dawa ya kifafa, huuliza pia kwa nini, ilhali hajawahi kuanguka. Hili la pili ni jepesi: dawa hizo hupunguza msisimko wa seli za ubongo, na madaktari wa Ufaransa walianza kuzijaribu dawa za jamii ya valproeti kwa wagonjwa wa namna hii tangu miaka ya 1960. La kwanza hutegemea ni dawa ipi, na dozi imeanzishwaje.

Valproeti ndiyo yenye kasi. Mgonjwa akianza na miligramu 20 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, chini ya uangalizi wa daktari, nafuu huweza kuonekana baada ya siku 3 hadi 5. Dozi ikipandishwa kidogo kidogo, wiki 1 au 2 zinaweza kupita. Kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, haiharakishwi hivyo, kwani dozi kubwa ya ghafla huleta kizunguzungu, kutapika na kuona vitu viwili viwili. Tena huchochea ini kuivunja kwa kasi zaidi, hivyo kiwango chake katika damu hushuka baada ya wiki chache, na pengine dozi ikabidi kuongezwa. Lamotrijini, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia vipindi vya huzuni, haitibu mania kali, na kuipandisha kwa pupa ni kukaribisha upele wa hatari.

Kwa kuwa hata siku 3 ni nyingi kwa mtu asiyelala wala kula, daktari huongeza haloperidoli au olanzapini, dawa za akili zinazotuliza upesi, tangu mwanzo. Utulivu wa usiku wa kwanza kwa kawaida hutokana na hizo, nasi hupenda ndugu walijue hilo wasije wakaiacha valproeti wakidhani haina kazi. Dalili ya kutazamwa ni usingizi, ambao mara nyingi hurejea kabla ya mawazo kutulia.

Kasi hiyo, hata hivyo, si sababu ya kumpa valproeti mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa ipo dawa nyingine inayomfaa, maana takriban mtoto 1 kati ya 10 waliokuwa tumboni mama akiitumia huzaliwa na kasoro za maumbile.