Unyogovu, uvimbe wa ndani na moyo: maswali kutoka benchi la kliniki ya presha

Maswali haya huulizwa na watu wanaohudhuria kliniki za presha na sukari mjini Kisumu. Wengi wao bado hawajaugua moyo, ila wamo katika hatari ya kuugua kwa sababu ya presha, sukari, uzani, sigara au historia ya familia. Nimeyakusanya yale yanayohusu jambo moja tu, yaani uhusiano kati ya uvimbe unaoendelea mwilini kimyakimya na ugonjwa wa unyogovu, ambao wengi hapa huuita mawazo mengi.

Huo uvimbe mnaousema ni upi? Mimi sijavimba popote.

Ukichomwa kidole na mwiba wa samaki asubuhi, kufikia jioni kidole kitakuwa chekundu, kina joto na kinauma. Hiyo ni kazi ya kinga ya mwili: seli nyeupe za damu zimekimbilia pale na zinatoa kemikali za kuitana, ziitwazo saitokaini. Jeraha likipona, kazi hiyo hukoma. Uvimbe wa ndani, ambao wataalamu huuita inflamesheni, ni kazi hiyohiyo ikiendelea kwa kiwango cha chini kwa miezi au miaka, bila jeraha la kuonekana. (Neno uvimbe huwatisha wengine, wakidhani tunazungumzia saratani. Sivyo.) Unachochewa na mafuta ya tumboni, ambayo yenyewe hutoa saitokaini, pamoja na tumbaku, sukari isiyodhibitiwa, fizi zenye ugonjwa na usingizi haba.

Katika mishipa ya moyo uvimbe huu una kazi mbaya zaidi. Kolesteroli mbaya hupenya ukuta wa mshipa, seli nyeupe huifuata na kuimeza mpaka zikashindwa kutoka, na hapo hujengeka utando wa mafuta ambao uvimbe huendelea kuudhoofisha mpaka siku unapopasuka, damu ikaganda juu yake na mshipa ukaziba. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, ambao vipimo vyao vya damu vilionyesha uvimbe. Baadhi yao walidungwa kanakinumabu, dawa inayozima saitokaini moja bila kugusa kolesteroli, na wale waliopewa kipimo cha miligramu 150 walipungukiwa na mishtuko ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 15. Dawa hiyo ni ghali mno na iliongeza maambukizi ya kuua, kwa hiyo hutaandikiwa kwa sababu ya moyo; lakini ilithibitisha kwamba uvimbe wenyewe huchangia ugonjwa wa moyo.

Na mawazo mengi yanaingiaje hapo?

Kumbuka mara ya mwisho ulipougua malaria. Hukutaka chakula, hukutaka wageni, hata redio ilikukera. Ulitaka kulala tu ukigeukia ukuta. Hali hiyo haitokani na homa peke yake. Saitokaini huupasha ubongo habari kwamba mwili uko vitani, nao ubongo hukupunguzia hamu ya kila kitu ili upumzike. Kwa siku tano ni jambo la busara. Taarifa hiyo ikiendelea kufika ubongoni kila siku kwa miaka, hata kwa sauti ndogo, kinachoonekana hufanana sana na unyogovu.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, enzi walipotibiwa kwa sindano za intaferoni, ambayo ni saitokaini. Sehemu kubwa yao walipata unyogovu katikati ya matibabu, wakiwemo ambao hawakuwahi kuugua hivyo maishani. Mojawapo ya njia zinazohusika ni kwamba uvimbe huelekeza kwingine triptofani, kirutubisho cha kwenye chakula ambacho mwili hukitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia zetu.

Unyogovu nao hurudisha mkono. Mtu aliyevunjika moyo halali vizuri, huvuta na kunywa zaidi, hatembei, na mwili wake hukaa katika hali ya tahadhari inayopandisha mapigo ya moyo na kuchochea uvimbe. Kwa hiyo anayeuliza kipi kilianza hatapata jibu linalowafaa watu wote. Ni muhimu pia kusema kwamba si unyogovu wote unaotokana na uvimbe: miongoni mwa watu wenye unyogovu waliopimwa katika tafiti mbalimbali, ni karibu mtu 1 kati ya 4 aliyekuwa na kiwango cha uvimbe kinachohesabiwa kuwa cha juu. Waliobaki wana sababu nyingine, na ugonjwa wao ni wa kweli vilevile.

Je, nipimwe damu ili nijue kama nina uvimbe?

Kipimo kipo. Kinaitwa CRP, na hupima protini inayotengenezwa na ini pale uvimbe unapokuwepo. Kwa hatari ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa kiwango cha chini, kati ya 1 na 3 cha wastani, na zaidi ya 3 cha juu. Tatizo letu huku ziwani ni malaria, kwa kuwa malaria, kikohozi kikali au hata jino lililooza huweza kukirusha kipimo hicho juu kabisa. Kikizidi 10, tafuta maambukizi kwanza, kisha rudia baada ya wiki mbili ukiwa mzima. Kwa maoni yangu, mwenye shilingi chache azitumie kupima presha, sukari na kolesteroli kabla ya kufikiria CRP.

Basi si ninunue tu dawa za kupunguza uvimbe?

Hili ndilo swali ninaloliogopa zaidi, kwa sababu dawa hizo zinapatikana katika kila duka la dawa, na wengi wanaoniuliza wameshazimeza kwa ajili ya mgongo. Tafadhali usifanye hivyo. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza maumivu ya goti, lakini zikitumiwa mara kwa mara hupandisha presha, huumiza figo na huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Diklofenaki ndiyo yenye sifa mbaya zaidi katika hilo. Mtu mwenye presha anayemeza tembe mbili kila jioni ili apate usingizi anaupa moyo kazi ya ziada huku akidhani anausaidia. Aspirini ya kipimo kidogo ina matumizi yake kwa aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, lakini kwa ambaye hajapata, huenda hatari ya kutokwa na damu ikazidi faida, hivyo uamuzi huo mwachie daktari wako.

Hata dawa zenye nguvu hazijafanya maajabu. Mwaka 2013 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapa watu 60 wenye unyogovu sugu infliksimabu, dawa kali ya kuzima uvimbe. Kwa jumla hawakupata nafuu kuliko waliopewa dawa ya kulinganisha isiyo na kiambato cha tiba. Walioelekea kunufaika ni wale ambao CRP yao ilikuwa juu tangu mwanzo.

Nitajuaje kama ni unyogovu au ni uchovu wa kazi tu?

Jiulize mambo mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Na ni mara ngapi umejihisi mwenye huzuni, uliyevunjika moyo au usiye na matumaini? Kwa kila swali jipe 0 ikiwa hapana kabisa, 1 kwa siku kadhaa, 2 kwa zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 kwa karibu kila siku. Ukifikisha 3 kwa jumla, mweleze mhudumu wa afya akuulize maswali 9 kamili, ambayo yapo kwa Kiswahili na yamewahi kupimwa huku magharibi mwa Kenya. Hiyo si hukumu, ni hatua ya kwanza ya kuchunguza.

Wakati mwingine jibu hujitokeza kwingine. Mama mmoja muuza omena alikuja presha ikiwa 168 juu ya 102, na kila mtu alikuwa tayari kumwongezea dawa. Alipozimwaga bahasha zake za kaki mezani, tulihesabu tembe 19 ambazo zilipaswa kuwa zimekwisha. Hakuwa amesahau. "Naziangalia tu," alisema, "naona hazina haja." Dawa ya tatu ya presha isingekuwa na maana yoyote kwake siku ile. Kwa wanaume, hasa madereva wa bodaboda, mara nyingi huzuni haionekani. Zinazoonekana ni hasira na chupa.

Dawa za unyogovu hazitaudhuru moyo wangu?

Inategemea ni ipi. Setralini ilijaribiwa kwa watu waliotoka tu kupata mshtuko wa moyo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha kwamba haikuwadhuru moyo. Amitriptilini, ambayo ni ya zamani na ya bei nafuu, huweza kuvuruga mapigo, kwa hiyo anayekuandikia lazima ajue hali ya moyo wako. Mwambie pia kama unameza aspirini, kwani ikichanganywa na dawa za jamii ya setralini huongeza uwezekano wa kutokwa na damu. Usiziache ghafla. Ushauri nasaha nao hutibu, ingawa lazima niseme ukweli: utafiti mkubwa wa mwaka 2003 uliotumia tiba ya mazungumzo kwa wagonjwa wa moyo ulipunguza unyogovu wao lakini haukupunguza vifo. Kwangu, kumwondolea mtu mateso ni sababu tosha ya kumtibu.

Ninaishi na virusi vya ukimwi na dawa nameza vizuri. Je, hili linanihusu?

Linakuhusu sana. Hata virusi vikidhibitiwa kabisa, uvimbe fulani hubaki, na hatari ya ugonjwa wa moyo huwa juu kuliko ya wengine. Mwaka 2023 utafiti wa watu 7,769 katika nchi 12 ulionyesha kwamba pitavastatini, dawa ya kolesteroli ya jamii ya statini, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Uliza kliniki yako kuhusu statini.

Nianzie wapi, kama sina pesa za vipimo wala dawa mpya?

Anza kwa kutembea. Dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka, kiasi cha kuweza kuongea lakini si kuimba, hupunguza uvimbe na huinua hali ya unyogovu. Ni tiba chache zinazofanya yote mawili. Kutoka Kibuye hadi Kondele kwa miguu badala ya pikipiki ni mwanzo mzuri. Acha sigara, tibu fizi, lala, na umeze dawa za presha kila siku.

Mume wangu hataki kusikia habari za kliniki. Husema anataka tu kupumzika kabisa.

Mama, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa za kunyunyizia mimea nyumbani, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Na akilalamika kifua kinabana, maumivu yanapanda shingoni au mkononi huku akitoka jasho la baridi, usikubali aseme ni mawazo tu. Tafuteni gari wakati huohuo.