Ndugu Akishtakiwa kwa Mauaji, Utetezi Hauanzii Mahakama Kuu

Familia nyingi zinazofika kwetu, katika kitengo cha msaada wa kisheria hapa Arusha, hufika zikiwa zimechelewa. Ndugu yao yuko mahabusu Kisongo, au Karanga kule Moshi. Kesi imetajwa na kuahirishwa mpaka wamechoka kuhesabu, na muda wote huo wamekuwa wakiingojea Mahakama Kuu. Wanaamini kwamba siku jaji atakapoketi, ndipo wakili atasimama na kuanza kumtetea. Kumbe kufikia siku hiyo mambo mazito yameshapita: maelezo yameandikwa polisi, mashahidi wa upande wa mashtaka wameshahojiwa, na mtu pekee aliyeona ugomvi ulivyoanza ameshahamia Mererani na namba yake ya simu haipatikani.

Tuanze na sheria yenyewe. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba anayesababisha kifo cha mwenzake kwa kitendo kisicho halali, akiwa na nia ovu, ana hatia ya kuua kwa kukusudia. Adhabu yake, chini ya kifungu cha 197, ni kunyongwa. Jaji hana nyingine ya kuchagua, isipokuwa kwa mwanamke mjamzito na kwa aliyekuwa hajatimiza miaka 18 alipotenda kosa. Hapa ndipo familia inapoweza kusaidia tangu wiki ya kwanza: kama umri wa kijana una utata, tafuteni cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au kumbukumbu za shule. Karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufa na kuishi.

Kosa la kuua bila kukusudia ni jingine kabisa. Kiwango chake cha juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana uhuru wa kwenda chini sana ya hapo kulingana na mazingira. Kinachotenganisha makosa haya mawili ni ile nia. Kwa kuwa hakuna anayeweza kuuona moyo wa mtu, mahakama huangalia mambo ya nje: silaha iliyotumika, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno aliyotamka mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio.

Tuseme watu wawili wamekaa kilabuni wakinywa mbege. Linazuka neno kuhusu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, wanashikana, mmoja anaokota kipande cha mti na kumpiga mwenzake mara moja kichwani. Mwenzake anaanguka. Aliyepiga anashtuka, anaita bodaboda, anamkimbiza hospitali ya Mawenzi, na anabaki pale mpaka polisi wanamkuta. Marehemu anafariki usiku huo. Sasa badilisha mambo machache: aliyegombana anaondoka kilabuni, anakwenda nyumbani, anachukua panga, anarudi baada ya saa moja, anakata mara nne na kutoroka kuelekea Himo. Maiti ni mmoja, ugomvi ni ule ule, lakini kisheria matukio haya yako mbalimbali sana. Mahakama ya Rufani imeshasema mara kwa mara kwamba kifo kinachotokea katika ugomvi wa ghafla wa pande mbili kwa kawaida ni kuua bila kukusudia. Kwa hiyo yule mwendesha bodaboda ni shahidi muhimu wa utetezi, na vivyo hivyo mwenye kilabu na muuguzi wa zamu aliyepokea majeruhi. Nani ameandika majina yao? Upelelezi wa polisi hutafuta aliyeua. Kwa uzoefu wangu, mazingira yanayompunguzia mshtakiwa uzito hayaingii kwenye jalada mpaka mtu wa upande wake aeleze.

Kuna pia hasira ya ghafla, pale mtu anapochokozwa isivyo halali na kutenda kabla damu haijapoa. Kuna kujihami, ambako nguvu iliyotumika lazima ilingane na hatari iliyokuwepo. Yote mawili hutegemea watu walioona mwanzo wa jambo, na hao ndio wasiopenda kuja mahakamani.

Sasa turudi kituo cha polisi, maana hapo ndipo hatima ya kesi nyingi inapoamuliwa. Mtuhumiwa ana haki ya kuambiwa anatuhumiwa kwa kosa gani, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwa na wakili, ndugu au rafiki anapoandika maelezo ya onyo, yaani yale anayoyatoa polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaweka saa nne, tangu awe chini ya ulinzi, kuwa muda wa kawaida wa kumhoji, na ukihitajika muda zaidi lazima taratibu za kuuongeza zifuatwe. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya muda bila sababu, au kwa kipigo na vitisho, yanaweza kukataliwa. Wakili akiyapinga kwamba hayakutolewa kwa hiari, mahakama husimamisha kesi kuu na kusikiliza kesi ndogo ndani ya kesi. Lakini pingamizi hilo linahitaji kitu cha kushika: saa aliyokamatwa na nani alikuwepo, hali ya mwili wake mlipomwona, karatasi ya hospitali kama alitibiwa. Andikeni tarehe na saa siku hiyo hiyo. Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama asiye polisi, kuandika maelezo mengine, aseme ukweli kuhusu alivyotendewa na aonyeshe majeraha kama yapo.

Baada ya hapo atafikishwa mbele ya hakimu. Ataambiwa asijibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shtaka la mauaji, na atarudishwa mahabusu. Kosa hili halina dhamana. Naomba nilisisitize hili kwa sababu kila mwaka nawaona wazee wakiuza ng'ombe au kuweka shamba rehani kumlipa kishoka aliyeahidi "kuongea na watu" ili kijana atoke. Hatoki. Fedha hiyo ingelipa nauli za mashahidi na wakili wa kweli.

Kesi itaendelea kutajwa huku ikisemwa upelelezi haujakamilika. Ukikamilika, mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi na vielelezo, kisha huulizwa kama ana la kusema na kama ana mashahidi wake. Wengi hujibu, "Nitajitetea Mahakama Kuu," na ni haki yao. Ila majina ya mashahidi wa utetezi ayataje pale, kwa ukamilifu, na mahali wanakopatikana. Apokee pia nakala ya mwenendo huo, yaani kumbukumbu za yaliyosomwa na kusemwa pale, na aitunze. Wakili atakapokuja, hiyo ndiyo karatasi ya kwanza atakayoiomba.

Na wakili atatoka wapi? Kwa asiye na uwezo, atapangiwa kwa gharama za serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeimarisha haki hiyo. Watu wengi humwita "wakili wa serikali", na kwa sababu hiyo hawamwamini. Huyo ni wakili wa kujitegemea aliyepewa kazi ya kumtetea ndugu yenu. Wakili wa Serikali ni yule anayesimama upande wa mashtaka. Nimewaona mawakili wa kupangiwa wakipigana vizuri sana, lakini baadhi yao hukutana na mshtakiwa siku ya kusomewa shtaka, wakiwa na jalada tu mkononi. Msikae mbali. Ulizeni kwa msajili wa mahakama nani amepangiwa, mfuateni, mpeni orodha ya mashahidi na simulizi nzima, pamoja na yale yanayowaaibisha. Wakili asiyejua baya la upande wake hulisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa mashtaka.

Kama utetezi ni kwamba hakuwepo eneo la tukio, taarifa itolewe mapema kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ikicheleweshwa, mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Tiketi ya basi, muamala wa simu, daftari la zamu kazini, vyote vitunzwe. Kama alitambuliwa usiku, shauri la mshtakiwa aitwaye Waziri Amani, la mwaka 1980, bado ndilo dira: mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, shahidi alisimama umbali gani, alimwangalia kwa muda gani, alimfahamu kabla? Na kama ndugu yenu ana historia ya ugonjwa wa akili, msilifiche jambo hilo kwa kuogopa aibu ya ukoo. Leteni faili la hospitali. Mahakama inaweza kuagiza apelekwe taasisi ya wagonjwa wa akili ya Isanga, Dodoma, akachunguzwe na madaktari.

Katika yote haya mshtakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuua. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ndiyo inayopaswa kuthibitisha pasipo kuacha shaka ya msingi, na Katiba, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea kama mkosaji kabla ya hapo. Nasema hivi nikijua kwamba upande wa pili kuna mama aliyezika mtoto. Kumtetea mshtakiwa si kumdharau marehemu. Mtu asiye na hatia akinyongwa, aliyeua bado yuko mtaani.

Wengine huuliza kuhusu usuluhishi: Wachaga kupeleka jani la sale kuomba msamaha, Wamaasai na Waarusha kulipa mifugo. Ni mila nzuri na inazuia kisasi, lakini haifuti kesi, kwa sababu mlalamikaji ni Jamhuri. Ikiwa kosa litashuka kuwa kuua bila kukusudia, maridhiano yanaweza kutajwa wakati wa kuomba kupunguziwa adhabu. Ila kumwendea shahidi ili abadilishe maneno yake ni kosa jingine la jinai.

Akitiwa hatiani, rufaa inakwenda Mahakama ya Rufani. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa inapaswa kutolewa ndani ya siku 30 tangu hukumu, na mfungwa anaweza kuiwasilisha kupitia mkuu wa gereza. Wakazi wa Arusha huniuliza pia kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kwa kuwa iko hapa hapa mjini. Ni kweli kwamba tarehe 28 Novemba 2019 mahakama hiyo iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima, isiyompa jaji nafasi ya kupima, inakiuka haki ya kuishi. Lakini mwezi huo huo Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi kufungua mashauri huko moja kwa moja, na mlango huo ulifungwa Novemba 2020. Kwa hukumu inayotolewa leo, siku za kuhesabu ni zile 30 za Mahakama ya Rufani, na zinaanza siku hukumu inaposomwa, hata kama nakala yake bado haijatoka.