Je, wajua kwa nini mtu humwamini Mungu na bado moyo wake ukashindwa kumtegemea?

Unajua kwa yakini kwamba maiti haamki. Basi ukiambiwa ulale chumba kimoja naye usiku kucha, nyinyi wawili tu, utapata usingizi?

Wengi hatupati. Mfano huu ni wa Abu Hamid al-Ghazali, mwanazuoni aliyezaliwa Tus, Uajemi, mwaka 1058. Aliutumia kueleza jambo linalotusumbua hadi leo: mtu anakiri kwamba Mungu ndiye Mwenye kuruzuku, aya za riziki anazijua kwa moyo, lakini mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inamkosesha usingizi.

Jibu lake ni kwamba yakini ni kitu kimoja na utulivu ni kingine. Itikadi ni jambo la kujua na kusadiki. Tawakali, yaani kumtegemea Mungu, ni hali ya moyo, na moyo una woga wake usiosikiliza hoja. Hata Nabii Ibrahimu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 260, alipomwomba Mungu amwonyeshe anavyofufua wafu, aliulizwa kama haamini. Akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Ikiwa Ibrahimu aliliomba hilo, sioni kwa nini sisi tuone haya.

Ghazali akaipanga tawakali kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni ya mwenye kesi aliyemkabidhi wakili hodari. Ya pili ni ya mtoto mchanga, asiyemjua mwingine ila mama. Ya juu kabisa ni ya maiti mikononi mwa mwosha, anageuzwa tu. Lakini hiyo ya juu, alisema, haidumu. Hupita upesi kama rangi ya uso wa mtu aliyeshtuka. Sisi wengine tuko kwa wakili, na hata huyo tunampigia simu kila saa.

Mwenyewe yalimfika. Mwaka 1091 aliteuliwa kusomesha chuo cha Nidhamiya cha Baghdad. Ameandika kwamba imani yake juu ya Mungu, utume na Siku ya Mwisho ilikuwa imara. Hata hivyo, mwaka 1095 alipotaka kuacha cheo na sifa, alisitasita karibu miezi sita: leo anaazimia, kesho anaghairi. Mwishowe ulimi ukafungika darasani, chakula hakishuki, matabibu wakakata tamaa. Ndipo akagawa mali yake na kushika njia ya Damascus.

Ila aliwabakishia watoto cha kuwatosha. Kwake tawakali haikuwa kukunja mikono. Mtu anayengoja kushiba bila kunyoosha mkono kwenye chakula alimwona ana wazimu. Na mwenye familia, alisema, akiweka akiba ya chakula cha mwaka mzima hajatoka katika tawakali, kwa kuwa anaituliza mioyo ya wanaomtegemea, ambao hana haki ya kuwabebesha ngazi yake yeye.