Nani alikwambia uzime sasisho la simu?

Jumatatu asubuhi, bisibisi hata sijazipanga mezani, mama mmoja muuza vitenge akaniwekea simu mbele. "Mwanangu, naomba unizimie hiyo apdeti, inanisumbua kila siku. Nasikia ikiingia tu, simu imekufa." Akanifungulia ujumbe wa sauti aliotumiwa kwenye kundi lao la kikoba. Sauti ya mwanaume, imetulia kabisa, inasema kampuni za simu zinatuma masasisho makusudi ili simu yako iwe nzito ukanunue mpya. Ujumbe umesambazwa hadi WhatsApp imeuwekea ile mishale miwili.

Maneno hayo nayasikia tangu nianze kazi ya ufundi simu hapa Kariakoo, na mama alikuwa mteja wa nne ndani ya siku saba. Kilichoniuma zaidi ni mteja wa tatu: alikuwa amezimiwa sasisho na fundi mwenzetu, tena akalipishwa shilingi elfu tano. Ndiyo maana leo naandika.

Nikamwamkia mama, nikamwomba tuitazame kwanza. Mipangilio, Kuhusu simu, Toleo la Android. Mstari wa sasisho la usalama ukasomeka: 1 Machi 2021. Ndani ya simu hiyo kulikuwa na M-Pesa yake, picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, na daftari la kikoba lililopigwa picha ukurasa kwa ukurasa: nani kakopa, kiasi gani, nani hajarejesha. Siri za wanawake 30 zimehifadhiwa kwenye simu ambayo haijazibwa tundu hata moja tangu Machi 2021.

Sasa tuanze na jambo linalonikera kuliko yote. Watu wanaita kila kitu apdeti.

Kuna toleo. Hilo ndilo linaloitoa simu Android 11 kwenda 12, au iOS, mfumo wa iPhone, 17 kwenda 18. Linakuja na sura mpya, vitufe vinahamishwa, na ni kweli mara nyingi linadai nguvu zaidi kuliko lililotangulia. Simu yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 2 ukiipandisha matoleo mawili, italemewa. Hapo sibishani na mtu.

Halafu kuna kiraka cha usalama. Kiraka hakigusi sura ya simu wala hakikuletei emoji mpya. Kinaziba matundu yaliyogunduliwa kwenye mfumo uleule ulio nao, basi. Google ilianza kutangaza viraka vya kila mwezi Agosti 2015, baada ya sakata la Stagefright: video iliyotumwa kwa MMS, ule ujumbe wa picha na video, iliweza kumpa mtu njia ya kuingia kwenye simu hata kabla mwenye simu hajaifungua. Zimperium, kampuni iliyolitangaza tundu hilo, ilikadiria kuwa simu milioni 950 zilikuwa hatarini.

Chini ya hayo kuna masasisho ya mfumo wa Google Play, yaliyoanza na Android 10, na masasisho ya programu moja moja kama WhatsApp. Hayo nayapita haraka kwa sababu mengi huingia yenyewe na hakuna anayeyalalamikia.

Kwa hiyo mtu akiniambia "niliapdeti simu ikawa nzito", swali langu la kwanza ni moja: uliapdeti nini? Karibu kila mara ni toleo. Lakini anayeadhibiwa ni kiraka, maana mtu akishaumwa na toleo anazima vyote kwa pamoja. Ni sawa na kukataa kubadilisha kitasa kibovu kwa sababu fundi rangi alikuharibia ukuta.

Na hata huo uzito, tuutazame vizuri. Baada ya toleo kuingia, simu hukaa siku moja au mbili ikizipanga upya programu na kuzipitia picha zako zote. Inapata moto, chaji inakwisha haraka. Mtu anaiona hali hiyo saa sita za kwanza, anatoa hukumu, anatuma sauti kwenye kundi. Lakini simu nyingi zinazoletwa kwangu kwa "ugonjwa wa apdeti" nazikuta hifadhi imejaa hadi shingoni. Ya mama ilikuwa ya GB 32, imebaki MB 400. Video za kwenye makundi pekee zilikula GB 11: mahubiri, salamu za Ijumaa, matangazo ya vitenge, nyingine zimejirudia mara tatu kutoka makundi matatu. Hifadhi ya namna hiyo, hasa ya simu za bei nafuu, ikikaribia kujaa inakuwa goigoi hata kama hujaigusa kwa sasisho lolote.

Lakini sitaki kuwa kama wale wanaosema kampuni hazijawahi kukosea. Zimekosea, na watu wana haki ya kukumbuka. Apple ilitoa iOS 10.2.1 mwanzoni mwa 2017, ikapunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla. Haikumwambia mtu waziwazi. Desemba 2017 ikakiri, ikaomba radhi, ikashusha bei ya kubadilishiwa betri kutoka dola 79 hadi 29. Italia iliipiga faini ya yuro milioni 10 mwaka 2018, na Samsung nayo ikapigwa milioni 5 kwa masasisho yaliyozielemea simu za Note 4. Ufaransa ikaongeza yuro milioni 25 kwa Apple mwaka 2020. Januari 2025, sasisho la Google lilipunguza chaji ambayo betri za baadhi ya simu zake za Pixel 4a zinaweza kubeba. Oktoba 2024, sasisho la programu moja ya Samsung, SmartThings Framework, lilizifanya baadhi ya Galaxy S10 na Note 10 zijizime na kujiwasha bila kikomo, na watu wakapoteza picha zao.

Yote hayo yametokea. Ila yatazame tena: hakuna hata moja ambamo dawa ilikuwa kukaa miaka minne bila kiraka. Kwenye kisa cha Apple, ukiweka betri mpya kasi inarudi.

Kuna jambo la siku kiraka kinapotoka ambalo sijawahi kulisikia kwenye zile sauti za kusambazwa. Kiraka kinapotangazwa, tundu nalo linatangazwa. Orodha ya mwezi inatoka na namba ya kila kosa, na marekebisho ya msimbo wa Android, yaani maandishi ya ndani yanayoiendesha, huwekwa hadharani. Mwizi mwenye ujuzi anachukua msimbo wa zamani na mpya, anaviweka bega kwa bega, anatazama kilichobadilika wapi. Hapohapo kajua mlango uko wapi kwenye simu ambazo hazijazibwa. Kabla ya tangazo tundu lilijulikana na wachache. Baada ya tangazo linajulikana na yeyote anayejua kusoma msimbo. Kwa hiyo simu iliyozimiwa sasisho haibaki pale ilipokuwa. Kila mwezi unaopita inazidi kuwa rahisi kuingilika, bila mwenyewe kufanya kosa lolote.

Mei 2019 WhatsApp ilitangaza tundu kwenye sehemu ya kupiga simu. Mtu alikupigia, hukupokea, na programu ya ujasusi ikaingia. Wewe umelala. WhatsApp ilisema watu wapatao 1,400 walilengwa kwa zana za kampuni ya NSO ya Israel, na baadaye Wanyarwanda waishio ughaibuni walijitokeza kusema walikuwemo. Septemba 2023 Apple ikatoa iOS 16.6.1 haraka haraka baada ya watafiti wa Citizen Lab wa Toronto kukuta zana za kampuni hiyohiyo zikiingia kwenye iPhone kupitia iMessage, bila kubofya chochote. Kilichoziba, mara zote mbili, ni sasisho.

Hapa nina jambo la kukiri ambalo kwenye semina hatulisemi. Zana za NSO ni ghali, na muuza vitenge hatumiwi zana hizo. Katika watu walioibiwa pesa wakaja kukaa mbele yangu, wengi wao hawakuingiliwa kwa tundu la mfumo. Walitaja namba ya siri wenyewe kwa mtu aliyejifanya wakala, au walipakua programu ya ajabu kutoka kwenye linki. Kwa hiyo nikikwambia kwamba kiraka peke yake kitakulinda na matapeli wa mjini, nitakuwa nakudanganya.

Lakini hata kwa hao matapeli, simu iliyosasishwa inamsumbua mwizi zaidi. Android 11 inaziondolea ruhusa programu ulizoziacha muda mrefu bila kuzifungua. Android 12 inakuwashia alama ya kijani juu ya kioo pale kamera au maikrofoni inapotumika. Android 13 inaweka kizuizi kwa programu iliyotoka nje ya Play isijipatie kirahisi ile huduma ya ufikivu, ambayo ndiyo wezi wanaitumia kusoma kioo chako na kubonyeza kwa niaba yako. Zile programu za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikichota majina yote kwenye simu kisha kuwapigia wakwe na majirani kukudhalilisha, Benki Kuu ya Tanzania ilitaja 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Zinaishi kwa ruhusa ulizowahi kuzipa ukazisahau. Kwa hiyo hata toleo, ambalo mwanzoni nilisema linaweza kuielemea simu, lina faida yake. Simu ikiwa na nguvu za kutosha, lipokee.

Na mtu anayeogopa sasisho la mtengenezaji kwa nini hana wasiwasi na WhatsApp ya GB, ile ya kuchakachuliwa isiyotoka kwa WhatsApp wenyewe? Hilo nashindwa kabisa kulielewa. Anakataa faili lenye saini ya kampuni, kisha anapokea faili kutoka kwenye chaneli ya Telegram isiyojulikana mwenyewe ni nani, analiingiza, analipa ruhusa zote. Agosti 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walikuta toleo la FMWhatsApp, nyingine ya kuchakachuliwa, limebeba virusi vya Triada. Oktoba 2022 wakakuta YoWhatsApp, ya aina hiyohiyo, inaiba funguo za akaunti za watumiaji wake. Ukitaka kuficha kwamba umesoma ujumbe, WhatsApp halali ina mpangilio huo. Toa hiyo GB leo.

Mimi mwenyewe nafanya hivi. Kiraka nakipokea wiki hiyohiyo. Toleo jipya nalisubiri wiki tatu au nne, nisikie waliotangulia wanasemaje. Kabla ya lolote nahifadhi nakala ya picha, nachaji zaidi ya nusu, natumia Wi-Fi ili bando lisiteketee, na naacha angalau GB 4 wazi.

Limebaki jambo moja linaloninyima raha. Nimeletewa simu za kioo cha AMOLED, aina ya kioo kinachojitolea mwanga chenyewe, ambazo mstari wa kijani umetokea usiku uleule wa sasisho. Mimi naegemea upande wa joto: simu imefanya kazi nzito saa nzima, ikiwa kwenye chaji, pengine chini ya mto, na kile kiunganishi chembamba cha kioo kilikuwa kimeshachoka. Lakini siwezi kumwapia mteja. Nawaambia waiweke juu ya meza, waitoe kava, wasiiguse mpaka imalize.

Simu ya mama tuliisafisha kwanza. Alikaa kwenye stuli akichagua video za kubaki, ilimchukua dakika 40, hakuacha hata moja ya harusi ya mwanawe. Kisha sasisho likashuka mara tatu, moja baada ya jingine, na tarehe ikasogea hadi 2023. Ikaishia hapo. Mtengenezaji hatoi tena viraka kwa simu hiyo, nikamwambia hivyo bila kumficha. Tukafuta picha za NIDA, daftari la kikoba likahamia kwenye simu ya binti yake, ambayo bado inapokea viraka. M-Pesa tumekubaliana anabaki na kiasi kidogo tu humo hadi atakaponunua nyingine baada ya mgao wa Desemba. Akaniuliza atajuaje simu itakayodumu. Nikamwandikia kwenye karatasi swali la kumuuliza muuzaji kabla hajatoa hela: hii itapata viraka vya usalama hadi mwaka gani?