Je, wajua? Kwa nini manati ya wakwea miti hairushi kamba

Huko Marekani na Ulaya, mafundi wa kupogoa miti mikubwa hutumia manati iliyofungwa kwenye fimbo ya urefu wa mita 2.4 hivi, inayojulikana zaidi inaitwa Big Shot. Anayeiona mara ya kwanza hudhani mambo mawili: kwamba inarusha kamba ya kupandia, na kwamba fimbo ni ya kuisogeza manati karibu na tawi. Yote mawili si kweli.

Tuanze na kamba. Yenye unene wa milimita 11 huwa na gramu 70 hadi 80 kwa kila mita. Tawi likiwa mita 30 juu, upande mmoja tu wa kamba unazidi kilo 2, na kila mita inayopaa ingeongeza mzigo. Kwa hiyo kinachorushwa ni kifuko cha gramu 300 hivi, kilichojazwa chembe za madini ya risasi na kufungwa uzi unaoteleza, mwembamba wa milimita 2. Mita 30 za uzi huo hazifiki gramu 100. Kifuko kikishavuka tawi na kushuka upande wa pili, kamba hufungwa kwenye uzi na kuvutwa polepole, kama fundi cherehani anavyopitisha mpira wa kiuno cha sketi kwa pini.

Kifuko chepesi zaidi kingepaa zaidi, lakini kingebaki kinabembea huko juu. Ni lazima kiwe na uzito wa kuuburuta uzi juu ya gamba linalokwaruza mpaka kifike chini. Uzi nao hupangwa ndani ya kisanduku cha turubai: ukiachwa kwenye nyasi, kijiti kimoja kinatosha kukikwamisha kifuko hewani.

Sasa fimbo. Kwenye mita 30, mita mbili na kitu si msaada wa kutajwa. Siri iko kwenye kitako chake, kinachokaa ardhini. Ukishika manati ya kawaida, mkono mmoja unasukuma panda na mwingine unavuta mpira. Kifundo cha mkono kinachoka mapema, na mvuto unaishia pale mkono unapoishia. Fimbo ikisimama chini, ardhi ndiyo inayosukuma. Mrushaji anachuchumaa, anavuta kwa mikono miwili na uzito wa mwili wake wote, na mpira unarefuka sana. Nishati ya mpira hutokana na nguvu ya kuvuta pamoja na umbali wa kuvuta: vyote viwili vikiongezeka mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Na inahitajika kweli, maana kukifikisha kifuko hicho mita 30 kunadai karibu jouli 90 hata kabla ya kuhesabu upinzani wa hewa.

Kwenye miti ya redwood ya California, ambako mti uitwao Hyperion uliogunduliwa mwaka 2006 unapita mita 115, matawi ya chini yanaweza kuwa juu mno kwa manati. Huko watafiti wamekuwa wakitumia upinde, na mshale uliofungwa uzi wa kuvulia samaki. Kwa mnazi wetu chombo hiki hakifai kabisa: hauna tawi, na makuti hayambebi mtu.

Uzi kukaa pazuri hakuthibitishi kwamba tawi ni zima. Uozo wa ndani hauonekani kwa darubini. Tena, kamba ikivuka tawi na kufungwa chini shinani, mtu wa kilo 80 hulilemea tawi kwa karibu kilo 160, kwa kuwa upande uliofungwa nao unavuta (msuguano wa gamba hupunguza kiasi). Kwa hiyo kabla ya mtu kupanda, wawili huning'inia pamoja kwenye kamba. Tawi likilia, kamba inashushwa na kutafutwa tawi jingine.